Mtandio wa shangazi Nuru: ndege wa Kiarmenia na upande wa pili wa hariri

Mezani ulikuwa mzuri. Hariri nyeupe ya sentimita 90 kwa 90, pindo la rangi ya damu ya mzee, na kwenye pembe moja herufi sita zilizochorwa kwa miili ya ndege: shingo zimepinda, midomo imeuma mikia, kila ndege ameshika nafasi ya mstari wa wino. Fundi aliuinua, akaukunja pembetatu, akanivisha mabegani kama wanavyovaa wanawake wa Yerevan, mji mkuu wa Armenia. Nikajitazama kwenye kioo. Halafu nikauvua, nikajitanda kichwani na ncha moja nikaitupa begani, kama anavyofanya shangazi yangu kule Tanga. Herufi zikageuka. Zilionekana kwa mgongo, za mwisho zimetangulia, na nyingine zimesimama kichwa chini miguu juu.

Binti wa fundi, aliyekuwa mkalimani wetu, alicheka kwanza, kisha akanyamaza. Mama yake hakucheka. Aliusogelea mtandio, akaushika ile pembe, akaugeuza nje ndani, ndani nje, mara tatu nne, kama mtu anayetafuta tundu kwenye chandarua.

Mimi nashona nguo Sharjah, lakini rangi niliijulia uani kwa shangazi huyo huyo, kwenye mapipa ya batiki. Kwa hiyo sikuweza kujifanya mteja asiyejua kitu. Kosa lile lilinihusu, na kadiri nilivyolichunguza niliona sehemu yangu ndani yake ilikuwa kubwa kuliko nilivyopenda.

Oda yenyewe ilianzia Vernissage, soko la wazi la Yerevan karibu na Uwanja wa Jamhuri. Jina ni la Kifaransa, la siku ya kufungua maonyesho ya picha, na soko lilianza hivyo hivyo katika miaka ya 1980: wachoraji walileta picha zao nje wakauza. Leo utakuta mazulia, vyombo vya fedha, misalaba ya mbao, vigae vyenye komamanga, sarafu za Kisovieti, na mitandio, mitandio, mitandio. Mingi ina picha moja moja zile zile: mlima Ararat, komamanga lililopasuka, alfabeti nzima iliyopangwa kama shada. Mingi pia imepigwa chapa kwa mashine, na hilo si siri, ukigeuza upande wa pili unaona rangi imefifia. Banda moja tu lilinisimamisha. Pale kitambaa kilikuwa na rangi ile ile pande zote mbili, na kando ya kila umbo palikuwa na mstari mwembamba usio na rangi, kama barabara ya siafu. Huo ni mstari wa dawa inayozuia rangi isitambae. Mkono wa mtu.

Kwetu tulifunzwa kuwa batiki nzuri haina ndani wala nje. Shangazi alikuwa akiinua kipande juani na kukigeuza mbele ya mteja: “Tafuta upande mbaya, ukiuona chukua bure.” Pale Vernissage niligeuza mtandio wa yule mama mwenye banda, ndiye fundi wetu, nikaridhika. Sikufikiri kwamba sifa hiyo ndiyo ingetuponza.

Nilimwambia nataka kimoja cha zawadi, chenye jina la shangazi yangu kwa zile herufi za ndege. “Jina nani?” Nikasema Nuru. Akacheka, akaninyooshea kidole kwenye kigae cha jirani yake chenye komamanga. “Nur!” Binti akaeleza: kwa Kiarmenia komamanga huitwa nur, r ya mwisho ikitetemeshwa ulimini kwa nguvu. Nikasema hapana, jina maana yake ni mwanga. “Aa, luys,” wakasema wote wawili. Tukacheka, tukaendelea na habari za bei na siku. Hapo, dakika ya tano ya mazungumzo, jawabu lilikuwa limeshatamkwa na sote tukalipita.

Nieleze kidogo hizo herufi, maana bila kuzijua kisa hakieleweki. Alfabeti ya Kiarmenia ilitungwa na Mesrop Mashtots mwaka 405, herufi 36, na mbili zikaongezwa katika zama za kati. Wenyewe huzipenda kama sisi tunavyoyapenda majina ya wazee. Mwaka 2019 UNESCO iliuingiza uandishi huo wa herufi na sanaa zake katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Ukipanda barabara ya Mashtots hadi mwisho unafika Matenadaran, hazina ya hati za kale, na sanamu ya Mashtots iko mlangoni. Ndani zimehifadhiwa hati za mkono zipatazo 17,000. Nilikwenda siku iliyofuata. Kwenye kurasa za Injili za karne ya 13 na baadaye niliona herufi za mwanzo wa sura zikiwa ndege watupu. Wakati mwingine samaki huingia panapohitajika kitu kilichonyooka. Mtindo huo huitwa trchnagir, maandishi ya ndege. Herufi ya kwanza huwa kubwa, zinazofuata hupungua, kisha maandishi ya kawaida yanaendelea kama hakuna kilichotokea.

Sasa Nuru. Sauti ya u kwa Kiarmenia huandikwa kwa herufi mbili pamoja, Ո na Ւ, desturi iliyofuata Kigiriki. Na r ziko mbili: Ր laini na Ռ ya kutetemesha. Jina la herufi nne kwetu likawa la herufi sita kwao, ՆՈՒՐՈՒ. Fundi aliniuliza r ipi. Nikatamka mara kumi, nikiona aibu kama mtoto wa chuoni anayefundishwa makharij, mpaka binti akaamua ni ile laini. Ile nyingine ingetutupa moja kwa moja kwenye tunda.

Kulikuwa na sharti langu moja: pasiwe na msalaba. Shangazi ni mwanamke wa Kiislamu wa Pwani, hajitandi msalaba. Nilikuwa na wasiwasi kulisema, kwa sababu sehemu kubwa ya sanaa ya zamani ya Waarmenia ilikulia kanisani: vitabu ni vya Injili, na mawe yao mashuhuri, khachkar, jina lake lenyewe lina maana ya jiwe la msalaba. Fundi hakukasirika hata kidogo. Alichukua penseli akachora khachkar, kisha akafuta msalaba katikati. Vilivyobaki vilijaza karatasi bado: suka za mistari isiyo na mwanzo wala mwisho, zabibu, komamanga, na chini kabisa duara la mikono inayozunguka kama pangaboi, alama yao ya umilele. “Tuna vya kutosha,” alisema kwa Kiingereza chake.

Kazi yake nilikaa kuitazama, na hapo ndipo nilipomwonea wivu. Hariri ilikuwa ya habotai, nyepesi, mome 8, ambayo ni kama gramu 35 kwa mita mraba. Inatoka China, na hakuficha. (Watu hudhani Waarmenia wana sifa ya kufuma hariri. Sifa yao kubwa ilikuwa ya kuiuza. Shah Abbas wa Kwanza alipowahamisha kutoka Julfa mwaka 1604 na 1605 na kuwaweka Isfahan, katika mtaa uliokuja kuitwa Julfa Mpya, wafanyabiashara wao walishika biashara ya hariri ghafi ya Iran, wakaipeleka Aleppo, Izmir, Venice hadi Amsterdam, na upande wetu wa bahari walikuwa na watu wao Surat na Madras. Kwa hiyo hariri ya kigeni mikononi mwa Mwarmenia si jambo geni hata kidogo.)

Kitambaa kilivutwa juu ya fremu ya mbao kwa pini zenye kucha tatu, hakigusi meza, kimekaza kama ngozi ya ngoma. Batiki yetu ni ya nta ya moto, tunapaka, tunachovya, tunachemsha nta itoke. Yeye anafanya ile wanayoiita batiki baridi. Dawa ya kuzuia rangi inatiwa kwenye mrija wa kioo wenye tumbo dogo na ncha iliyopinda, inatoka kama uzi. Unachora umbo lote kwa mstari huo, na mstari lazima ufunge. Ukiacha mwanya wa unyoya mmoja, rangi inapenya na ndege anavuja damu kwenye uwanja. Nilimwona akikagua mistari kwa kuinama chini ya fremu na kutazama kuelekea dirishani. Kisha rangi kwa brashi: tone likigusa hariri linakimbia lenyewe mpaka linapogonga ukuta. Pindo alilitupia chembe za chumvi kabla halijakauka, zikavuta maji na kuacha michirizi kama mwamba uliokwaruzwa.

Nilimuuliza kuhusu ule wekundu. Nilikuwa nimesoma juu ya vordan karmir, nyekundu ya mdudu, rangi ya kale ya nchi yao. Mdudu huyo anaishi kwenye mizizi ya nyasi za ardhi ya chumvi katika uwanda wa Ararat. Majike hutoka juu alfajiri za majira ya vuli, saa chache tu kwa siku, na wajiografia wa Kiarabu waliiandika sifa ya kirmizi, yaani rangi hiyo nyekundu, ya huko zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Tangu 1987 lipo eneo la hifadhi kwa ajili yake katika mkoa wa Armavir. Fundi alinionyesha chupa: rangi ya kiwandani. Alisema kwa mdudu yule ungehitaji maelfu kwa maelfu, tena ana mafuta mengi mwilini na kuyatenganisha na rangi ni kazi nyingine. Nilimheshimu kwa hilo. Mtu akikuuzia mtandio wa bei ya chakula cha mchana akakuapia kuwa umetiwa vordan karmir, mwache na viapo vyake.

Baada ya kukauka, kitambaa kilizungushiwa karatasi, kikaviringwa na kuning'inizwa juu ya maji yanayochemka, kisiguse maji wala ukuta wa chombo, kwa muda wa saa mbili hadi tatu. Mvuke ndio unaoifunga rangi kwenye uzi. Kabla ya hapo tone la maji likidondoka kazi yote imekwisha. Kisha kusuuza, siki kidogo, pasi kikiwa kibichi. Mwisho upindo, ambao ulimchukua jioni nzima: kingo zinaviringwa kwa kidole gumba kilicholoweshwa na kushonwa kwa mkono, mishono isionekane. Siku nne kwa jumla, nikihesabu na kukauka.

Na siku ya tano, kioo.

Nimewaza sana chanzo cha kosa. Jibu la haraka ni kwamba hariri ni nyepesi na rangi inapita upande wa pili. Kweli, lakini hilo halitoshi, maana ndege hawakuharibika. Ukiwatazama kwa nyuma wanabaki ndege, wazuri vile vile, wanatazama upande mwingine tu. Kilichoharibika ni kusoma. Katika hati ya ngozi au karatasi, ndege na herufi ni kitu kimoja, kwa sababu ukurasa una uso mmoja, una juu na chini, na msomaji anakaa mbele yake. Mtandio hauna lolote kati ya hayo. Ukiutoa ukurasa ukauweka kwenye mtandio, ndege anaruka na herufi inabaki chini. Ile Ո peke yake ilinusurika kwa nyuma, kwa vile ni kama upinde wa mlango, kulia na kushoto ni sawa. Lakini ikipinduliwa juu chini inafanana na Ս, ambayo ni s. Binti alijaribu kulisoma jina la shangazi begani mwangu kwa sauti na kilichotoka hakikuwa jina la mtu.

Mitandio ya mashine pale sokoni haina shida hii kwa kiasi hicho. Rangi yake imekaa upande mmoja, mgongoni imefifia, herufi zikigeuka hazipigi kelele. Kwa maneno mengine, kosa letu ni ushahidi wa kazi ya mkono. Halikumfariji fundi.

Halafu kuna kosa la pili lililojificha nyuma ya lile la kwanza, nalo ni langu. Mimi nilisema “mtandio” kwa Kiingereza, yeye akasikia kitambaa cha shingoni. Fremu yake ya 90 kwa 90 ni kipimo cha foulard za Ulaya: unakunja pembetatu, unafunga fundo, pembe yenye pambo inaangukia mgongoni au kifuani, na daima ni uso wa nje. Ukivaliwa hivyo jina linasomeka vizuri kabisa. Mchoro wake ulikuwa na akili ndani ya desturi yake. Mtandio wa kwetu ni mrefu, unajitandia, unateleza, unaurudisha, nje inakuwa ndani mara ishirini kwa siku. Sikumwambia. Nilimpa jina, rangi na sharti la msalaba, nikadhani nimeagiza. Fundi cherehani mzima, ambaye mteja akija na picha ya gauni swali langu la kwanza huwa utalivaa wapi, utakaa au utasimama! Sikujiuliza mwenyewe.

Nilimwonyesha picha za kanga kwenye simu. Alipenda sana kwamba nasi tuna nguo inayosema. Nikamweleza pindo, mji, na jina linalokaa karibu na pindo la chini. Aliuliza swali zuri: kwa nini maneno hayapotei? Nikawaza kabla ya kujibu. Kwa sababu kanga inajulikana inavyovaliwa. Jina limewekwa mahali ambapo likifungwa kiunoni linakaa nyuma, limenyooka, kwa ajili ya anayekufuata. Tena lipo sehemu moja tu, na mwanamke anayetaka lisomwe anajua kulipanga, na asiyetaka anajua kulikunja. Maandishi kwenye nguo yanaishi pale tu uvaaji unapokuwa haubadiliki. Mtandio ni kinyume chake.

Tulijaribu njia nyingine mezani, kwa karatasi nyembamba ya kuchorea mitindo, tukiishika dhidi ya dirisha. Hariri nzito ya twili, mome 14? Rangi ya kuchora kwa mkono inapita humo humo, na mtandio unakuwa mzito kwa joto la Tanga. Vipande viwili vilivyoshonwa pamoja, kila kimoja na uso wake? Unapata mto. Mimi nikakumbuka khati ya kioo, ile ya Waturuki na Waajemi ambapo neno linaandikwa mara mbili likitazamana na nafsi yake, kulia na kushoto, likawa kama uso wa simba au mlango. Kwa namna hiyo upande wowote unaoutazama, nusu moja inasomeka. Fundi alivutiwa, akachora kwa saa nzima. Lakini herufi sita mara mbili ni kumi na mbili, kila moja ndege, na karatasi ikawa banda la kuku. Alisema neno moja kwa Kiarmenia ambalo binti alikataa kutafsiri.

Aliyetutoa ni binti, na alitutoa kwa kuchoka. Alikuwa akifungua kadi za kurasa za hati tulizonunua Matenadaran, akaweka moja mbele yetu. Ilikuwa khoran.

Khoran ni kurasa za mwanzo za Injili za Kiarmenia zenye majedwali ya namba, utaratibu uliotungwa na Eusebius wa Kaisaria katika karne ya 4 ili msomaji ajue kisa kimoja kimesimuliwa wapi katika Injili zote nne. Ni jedwali, kitu kikavu kama daftari la duka. Waarmenia walilijengea nyumba: nguzo, matao, juu ya matao bustani, na ndege wawili wawili wakitazamana, katikati yao birika au mti au tunda. Walizichukulia kwa uzito mkubwa. Wanazuoni wao waliandika hata maelezo ya maana ya rangi, miti na ndege wa khoran. Toros Roslin, mchoraji wao wa karne ya 13 huko Kilikia, ufalme wao wa wakati huo, alitia khoran katika Injili ya Zeytun ya mwaka 1256. Kurasa nane za kitabu hicho zilitengwa na kitabu chenyewe zikaishia jumba la makumbusho la Getty, Los Angeles. Kanisa la Kiarmenia lilifungua kesi mwaka 2010, na mwaka 2015 wakapatana: jumba la makumbusho likakiri kuwa kurasa ni mali ya kanisa, kanisa likazitoa zibaki pale. Habari ya kusikitisha, lakini kwa fundi inasema jambo: khoran imetolewa kitabuni, imevuka bahari, na bado inaeleweka ukiitazama. Ukurasa wa herufi haungeweza.

Na inaeleweka kwa sababu imejengwa kwa ulinganifu wa kulia na kushoto. Igeuze, ndege wa kulia anakuwa wa kushoto, basi. Kioo hakina cha kuharibu.

“Na jina?” niliuliza. “Bila jina ni mtandio tu.”

Fundi alinitazama kama ninavyowatazama wateja wangu wagumu. Akachora kati ya ndege wawili komamanga moja, limepasuka, mbegu nje. “Nur,” akasema. “Nuru jan, nur.” Jan ni neno lao la mapenzi, wanalitia nyuma ya jina la mtu kama sisi tunavyosema mpenzi.

Sikuwa na la kuongeza. Tunda halina mbele wala nyuma. Anayejua Kiarmenia akiliona begani mwa shangazi atalitaja kwa sauti na karibu atakuwa amemwita. Asiyejua ataona komamanga, tunda ambalo Tanga hakuna haja ya kulieleza kwa mtu. Katika Surat ar-Rahman limetajwa miongoni mwa matunda ya peponi. Hapo hata lile sharti langu la msalaba lilikuwa limepata zaidi ya nilichoomba.

Kitambaa cha pili kilichorwa kwa kipimo chetu, sentimita 180 kwa 70. Fremu ilibidi irefushwe kwa mbao za kabati bovu. Pambo liliwekwa kwenye ncha mbili tu, tao moja kila ncha, na miguu ya nguzo ikaelekezwa ukingoni, ili ncha moja ikining'inia kifuani na nyingine ikitupwa mgongoni, matao yote mawili yasimame wima. Mji, yaani ile sehemu ya kati inayokaa kichwani, tuliuacha na rangi moja ya mchanga inayokolea taratibu kuelekea matao, maana mikunjo ya kichwani ingemeza pambo lolote. Hilo la kuacha mji mtupu nililisisitiza mimi, na fundi alibisha. Kwake nafasi tupu katikati ni kazi iliyokatishwa. Tulikubaliana atie michirizi ya chumvi, hafifu. Ninapoutazama sasa naona alikuwa na haki kuhusu chumvi.

Jambo moja hatukulitatua. Ndege bado wana macho. Nilijua shangazi angeliona kabla ya tunda, na aliliona. Aliufungua kitandani, akawatazama ndege, akasema, “Huu wa matembezi na arusi, mwanangu. Kwenye sala nitavaa wangu mweupe.” Sikushangaa, na ningeweza kumwomba fundi achore matawi badala ya ndege. Lakini bila wale wawili wanaotazamana, khoran inakuwa mlango usio na watu.

Mtandio wa kwanza niliulipia na kuuchukua. Upo Sharjah ukutani, ndani ya fremu yenye kioo, herufi zimenyooka, zinasomeka na yeyote ajuaye kuzisoma. Umerudi kuwa ukurasa.

Huu wa pili shangazi aliuchukua hadi dirishani. Aliuinua, akautazama upande huu, akaugeuza, akautazama ule, kama alivyokuwa akifanya mbele ya wateja. Muda mrefu. Kisha akauliza, “Nje ni wapi?”

Nikamwonyesha upindo. Ukingo umeviringwa kuelekea upande mmoja, na upande huo fundi ndio aliouhesabu kuwa uso. Ni hapo tu panapojulikana. Akapapasa ukingo kwa kidole gumba, mshono kwa mshono, toka pembe hadi pembe, halafu akajitanda kinyume, uviringo ukiwa ndani, akaenda kumwonyesha jirani.